Skrubu Moja, Lawama Zote: Kurekebisha Mchanganyiko wa Kabureta kwenye Gari la Zamani

Gari la zamani likianza kula mafuta, kukohoa au kuzima kila linaposimama, mwenye bisibisi hufungua boneti na kuitafuta ile skrubu ndogo iliyo chini ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Anaizungusha robo huku, nusu kule, anasikiliza, anakanyaga mafuta, anaizungusha tena. Baada ya nusu saa gari lina hali mbaya kuliko lilivyokuja, na hakuna anayekumbuka skrubu ilianzia wapi. Nimewahi kuwa mtu huyo, tena zaidi ya mara moja, kwa hiyo simcheki mtu.

Kosa huanza kabla hata bisibisi haijashikwa: mtu anaamini skrubu ile ni koki ya mafuta ya injini nzima. Kwenye kabureta nyingi inahusika na sailensa tu, yaani injini inaponguruma bila mguu kugusa pedali, pamoja na kipande kifupi unapoanza kukanyaga. Gari likiwa barabarani kwa kilomita 80 kwa saa, skrubu hiyo karibu haina kauli. Ndani ya kabureta kuna njia kadhaa za mafuta zinazopokezana zamu, na kazi ya kurekebisha mchanganyiko ni kujua kwanza zamu ni ya nani pale gari linapolalamika.

Mzito na mwepesi

Petroli haiungui yenyewe. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Ili mafuta yote yaungue na oksijeni yote itumike, kilo 1 ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Hiyo ni kwa uzito. Kwa ujazo, picha inashangaza zaidi: lita moja ya petroli inameza takriban lita 9,000 za hewa. Ndiyo maana tundu dogo sana la hewa mahali pasipotakiwa linaweza kuvuruga injini, na ndiyo maana kichujio cha hewa kilichojaa vumbi si jambo la kupuuza.

Mafuta yakizidi uwiano huo, mafundi husema mchanganyiko ni mzito. Yakipungua, ni mwepesi. Lakini 14.7 si namba takatifu ambayo kabureta inapaswa kuishikilia muda wote. Injini inatoa nguvu nyingi zaidi ikipewa mchanganyiko mzito kidogo, kati ya 12.5 na 13 kwa 1, kwa sababu hapo oksijeni yote iliyoingia inapata mafuta ya kuungana nayo. Kwenye mwendo wa wastani usiobadilika, injini inabana matumizi ikipewa mchanganyiko mwepesi kidogo, karibu 15 au 16 kwa 1. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, sehemu kubwa ya petroli inabaki matone kwenye kuta za manifoldi (bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda) badala ya kuwa mvuke, kwa hiyo lazima imwagwe nyingi kupita kiasi ili kiasi kidogo kinachogeuka mvuke kitoshe kuwaka. Hiyo ndiyo kazi ya choki, kibati kinachobana hewa ili petroli izidi.

Kwa hiyo swali la “gari langu lina mchanganyiko mzito au mwepesi?” halina jibu moja. Gari moja linaweza kuwa zito kwenye sailensa, jepesi linapoanza kuondoka, na sawasawa kabisa kwenye barabara kuu. Mwenye gari analiona tatizo moja, kabureta ina matatu.

Petroli inapandaje?

Watu husema injini “inavuta” mafuta. Ukweli ni kwamba yanasukumwa. Pistoni ikishuka inaacha nafasi, na hewa ya nje inakimbilia ndani kupitia kabureta. Katikati ya njia hiyo kuna koo jembamba. Hewa ikipita mahali pembamba inaongeza kasi, na ikiongeza kasi shinikizo lake linashuka. Daniel Bernoulli wa Uswisi aliiandika kanuni hiyo mwaka 1738, na Mwitaliano Giovanni Battista Venturi akaichunguza kwenye mabomba yaliyobanwa katikati mwishoni mwa karne hiyo hiyo. Kuna kibakuli cha petroli pembeni ya koo, na juu ya petroli hiyo kuna shinikizo la kawaida la hewa. Kwenye koo shinikizo ni dogo. Tofauti hiyo ndiyo inayoisukuma petroli kupitia tundu lililopimwa, jeti, mpaka kwenye hewa inayokimbia, na hapo inapasuka kuwa ukungu. Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya kunyunyiza ya namna hii mwaka 1893, na wazo lenyewe halijabadilika sana tangu hapo.

Kibakuli kina boya linalofanya kazi ileile ya boya la tangi la maji: petroli ikipanda, boya linapanda na kusukuma sindano inayofunga mlango. Kina cha petroli ndani ya kibakuli kina umuhimu kuliko watu wanavyofikiri. Kikipanda milimita mbili tatu, petroli inahitaji msukumo mdogo zaidi kutoka, na kila njia ya kabureta inakuwa nzito kwa pamoja. Boya lililotoboka na kuingiwa petroli, au sindano iliyolika, ni ugonjwa ambao hakuna skrubu inayoutibu. Dalili yake ni harufu ya petroli hata gari likiwa limezimwa, na kabureta yenye unyevu kwa nje.

Koo na jeti kuu peke yake vina kasoro mbili. Ya kwanza: hewa ikiongezeka, jeti ya kawaida huongeza mafuta kwa kasi kuliko hewa yenyewe, kwa hiyo mchanganyiko unazidi kuwa mzito kadiri injini inavyokimbia. Waundaji walilimaliza hilo kwa kuingiza hewa kidogo ndani ya mafuta kabla hayajatoka, kupitia jeti ya hewa na mrija wenye matundu ubavuni. Ya pili ndiyo inayotuhusu leo. Kwenye sailensa, kipepeo cha throto, kibati kinachofunguliwa na pedali ya mafuta, kimefungwa karibu kabisa. Hewa inayopita kooni ni kidogo na inatembea polepole, shinikizo halishuki, na jeti kuu haitoi hata tone. Lakini chini ya kipepeo hali ni tofauti kabisa: huko pistoni zinavuta dhidi ya mlango uliofungwa, na vakyumu, yaani upungufu wa shinikizo la hewa, ni kali. Injini yenye afya, ikipimwa usawa wa bahari, huonyesha vakyumu ya inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye geji.

Basi ikachongwa njia ya pembeni. Inachota petroli kwenye kibakuli, inaipitisha kwenye jeti ndogo ya sailensa, inaichanganya na hewa kidogo, na kuitolea kwenye tundu lililo chini ya kipepeo. Kwenye tundu hilo ndipo inapokaa ncha ya ile skrubu maarufu. Juu kidogo ya tundu, usawa wa ukingo wa kipepeo kilichofungwa, kuna matundu mengine mawili au matatu. Kipepeo kikianza kufunguka kinayapita moja baada ya jingine, nayo yanatoa mafuta ya kuziba pengo mpaka hewa ya kooni ipate kasi ya kuiamsha jeti kuu. Haya ni matundu ya mpito, na skrubu ya mchanganyiko haiyagusi.

Ukikanyaga ghafla, hewa inaingia mara moja lakini petroli, kwa kuwa ni nzito, inachelewa. Pampu ndogo iliyounganishwa na pedali huchuruza mafuta moja kwa moja kooni ili kufidia. Kabureta nyingi zina valvu ya nguvu pia, inayofunguka injini inapobeba mzigo mzito.

Kabla ya kushika bisibisi

Hapa ndipo nitakapowachosha wenye haraka. Kabureta hulaumiwa kwanza kwa sababu inaonekana na ina skrubu, ilhali mara nyingi iliyo mgonjwa ni cheche. Plagi zilizochakaa, platini (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itokee) zenye nafasi isiyo sahihi, waya wa plagi unaovuja umeme, au taimingi, yaani wakati wa cheche, iliyochelewa, vyote vinatoa dalili ambazo sikio haliwezi kuzitofautisha na mchanganyiko mbaya. Valvu zenye nafasi ndogo kupita kiasi huvuruga vakyumu, na bila vakyumu njia ya sailensa haifanyi kazi yake. Anza na tapeti, yaani nafasi za valvu, kisha platini na taimingi, kisha plagi. Kabureta iwe ya mwisho. Ukianza nayo, utakuwa unairekebisha ifiche kasoro ya kitu kingine, na siku kitu hicho kikitengenezwa itabidi urudie.

Kisha tafuta hewa ya wizi. Gasketi iliyo chini ya kabureta, mipira ya vakyumu iliyopasuka, bomba la vakyumu la kusaidia breki lenye nyufa, na hata ekseli ya kipepeo iliyolika kwenye matundu yake, vyote vinaingiza hewa ambayo kabureta haikuipima. Gari la miaka 40 lina nyingi kati ya hizo. Nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye maungio, mbali na distributa (kinachogawa umeme kwa plagi), huku injini ikinguruma. Sauti ikibadilika ghafla, umempata mwizi. Kuna wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hii, na kweli inajibu haraka, lakini ni kitu kinachowaka na kinanyunyizwa juu ya bomba la moshi lenye moto. Maji yananitosha.

Injini lazima iwe imepata moto kamili, choki imefunguka yote, kichujio cha hewa kiko mahali pake, taa na feni za umeme zimezimwa. Fanya kazi nje. Mchanganyiko mzito hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na karakana iliyofungwa huijaa haraka kuliko unavyodhani.

Kwenye skrubu yenyewe

Kabureta huwa na skrubu mbili zinazochanganywa sana. Moja inasukuma mkono wa throto na kukifungua kipepeo kidogo. Hiyo ni ya mwendo wa sailensa. Nyingine imezama kwenye mwili wa kabureta, kwa kawaida chini, karibu na manifoldi, na mara nyingi ina springi. Hiyo ndiyo ya mchanganyiko. Kwenye magari mengi ya kuanzia miaka ya 1970, sheria za moshi zilipoanza kubana, skrubu ya mchanganyiko ilifunikwa kizibo cha plastiki au cha chuma ili isichezewe.

Karibu kabureta zote za magari zilizo na skrubu chini ya kipepeo hupunguza mafuta ukiifunga na kuyaongeza ukiifungua. Zipo chache ambazo skrubu yake hupima hewa, na hizo hufanya kinyume. Pikipiki ndizo zinazowachanganya wengi: skrubu ikiwa upande wa kichujio cha hewa, inapima hewa, ikiwa upande wa injini, inapima mafuta. Usikariri mwelekeo kabla ya kujua unashika ipi.

Kabla ya kuigeuza, ifunge taratibu mpaka iguse mwisho huku ukihesabu mizunguko, kisha uandike idadi hiyo. Kuandika ni muhimu, kichwa husahau. Na ninaposema iguse, simaanishi ibane. Ncha ya skrubu ni nyembamba kama penseli iliyochongwa, na ukiikaza inajikata mfereji au inapanua tundu la alumini. Tangu siku hiyo kabureta haitakaa sawa tena.

Kama hujui pa kuanzia, mzunguko mmoja na nusu kutoka mwisho ni mahali pazuri pa kuwashia gari. Weka mwendo karibu mizunguko 850 au 900 kwa dakika. Sasa funga skrubu ya mchanganyiko kwa thumuni moja ya mzunguko, kisha subiri. Hesabu mpaka kumi. Injini inahitaji muda kumaliza mafuta yaliyolowanisha manifoldi, na anayezungusha bila kusubiri anasikiliza jibu la swali la zamani. Endelea hivyo mpaka injini ianze kutetemeka na kuyumba, kama inayotaka kuzima. Umefika kwenye wepesi uliozidi. Rudi ukifungua kidogo kidogo: mtetemo unaisha, mlio unapanda, unatulia. Ukiendelea kufungua utafika mahali ambapo mlio haupandi tena, kisha unaanza kupanda na kushuka kwa mdundo mzito wa polepole, na bomba la moshi linatoa harufu ya petroli. Huo ni uzito uliozidi.

Unapopatafuta ni pale injini ilipokimbia zaidi, kati ya hizo hali mbili. Ukiwa na geji ya vakyumu, ni pale mshale uliposimama juu zaidi bila kutikisika. Mwendo utakuwa umepanda, kwa hiyo ushushe kwa skrubu ya throto, kisha rudia ya mchanganyiko, kwa sababu kila moja inaigusa nyingine. Duru mbili au tatu zinatosha. Mwisho, ifunge skrubu kidogo tu mpaka mwendo upungue mizunguko 20 au 30. Hapo unaokoa mafuta bila kuipotezea injini utulivu wake. Wenye mashine ya kupima moshi watakuta kaboni monoksidi iko ndani ya kiwango cha kitabu cha gari. Magari mengi ya kabla ya kichocheo cha moshi (kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba) yaliandikiwa kati ya asilimia 1 na 3.5.

Kabureta yenye skrubu mbili za mchanganyiko, kila koo na yake, irekebishwe kwa kuzigeuza zote kwa kiasi kilekile. Zile zenye makoo mawili yanayofunguka kwa zamu kwa kawaida zina skrubu moja tu, na usiitafute nyingine.

Skrubu isipojibu

Sehemu hii ndiyo yenye faida kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huiruka. Skrubu isipofanya kitu, imekuambia kitu.

Umeifunga yote na injini bado inanguruma? Basi mafuta ya sailensa yanapita mlango mwingine. Mara nyingi kipepeo kimefunguliwa mno na skrubu ya mwendo, mpaka matundu ya mpito yako wazi na ndiyo yanayoilisha injini. Hii hutokea mtu anapopandisha mwendo ili kuficha sailensa mbovu. Rudisha kipepeo: kwenye kabureta nyingi za Weber, chapa ya Italia, kwa mfano, skrubu ya mwendo haipaswi kuzidi mzunguko mmoja na nusu tangu ilipogusa mkono wa throto. Kama injini haikai kwenye mwendo huo, sababu iko kwingine, labda taimingi, labda hewa ya wizi.

Umeifungua mizunguko mitatu na bado injini inataka zaidi? Jeti ya sailensa imeziba, au ni ndogo. Kwa uzoefu wangu huwa imeziba. Tundu lake ni karibu nusu milimita, na chembe moja ya kutu inatosha. Ipulizie hewa, usiichokonoe kwa waya. Shaba ni laini, na tundu lililokwanguliwa si tundu lililopimwa tena. Kinyume chake, injini ikitulia skrubu ikiwa imefunguliwa chini ya nusu mzunguko, jeti ni kubwa au boya liko juu.

Na kabla ya kufungua chochote, angalia kama kabureta ina valvu ya umeme ya kukata mafuta ya sailensa. Ni kidude chenye waya mmoja, kilichowekwa ili injini izime mara moja ufunguo unapozungushwa. Waya huo ukichomoka, gari linaenda vizuri barabarani na linazima kila unapoinua mguu. Watu wameosha kabureta nzima kwa ajili ya waya huo.

Zamu zinazofuata

Sailensa ikishakaa sawa, peleka gari barabarani na ulisikilize kwa zamu. Likisita pale tu linapoanza kuondoka ukikanyaga polepole, shuku matundu ya mpito na jeti ya sailensa. Likisita ukikanyaga ghafla lakini likawa sawa ukikanyaga taratibu, ni pampu. Hiyo unaithibitisha injini ikiwa imezimwa: chungulia kooni, vuta mkono wa throto, na mchirizi wa petroli unapaswa kuonekana papo hapo, bila kuchelewa. Likikosa nguvu kwenye mlima pekee, angalia valvu ya nguvu, na usisahau pampu ya mafuta, ambayo inaweza kushindwa kujaza kibakuli.

Kwa mwendo wa kawaida kuna mbinu ya zamani ambayo haigharimu chochote, kwa gari lenye choki ya kuvuta kwa mkono. Injini ikiwa ya moto, kwenye mwendo usiobadilika, vuta choki kidogo sana. Gari likichangamka, mchanganyiko ulikuwa mwepesi. Likizubaa, ulikuwa sawa au mzito. Hakuna kifaa kinachojibu haraka hivyo isipokuwa kipimo cha oksijeni kwenye bomba la moshi, teknolojia ambayo Volvo ilianza kuiuza kwenye magari yake mwaka 1976 na ambayo leo wapenzi wengi wa magari ya zamani huifunga kwa muda wakati wa kurekebisha.

Plagi nazo husema. Kahawia nyepesi ni afya. Masizi makavu meusi ni uzito. Weupe mkavu na dalili za kuchomeka ni wepesi. Unyevu wa mafuta mazito ni oili, na huo ni ugonjwa mwingine. Lakini plagi iliyotolewa baada ya gari kunguruma dakika tano karakanani inaeleza sailensa tu. Ukitaka habari za jeti kuu, ichomoe baada ya mwendo mrefu. Halafu petroli isiyo na risasi huacha rangi hafifu kuliko ile ya zamani, kwa hiyo usitarajie picha za vitabu vya zamani.

Jeti kuu hubadilishwa kwa namba. Kwenye Weber, jeti ya 120 ina tundu la milimita 1.20. Kutoka 120 kwenda 125 panaonekana padogo, ila eneo la tundu linaongezeka kwa zaidi ya asilimia 8, na hicho ni kiasi kikubwa. Badilisha hatua moja kila mara, na uandike.

Kati ya uzito na wepesi, ukilazimika kukosea, kosea upande wa uzito kidogo. Uzito unakula pesa, unachafua plagi, na ukizidi sana petroli huosha oili kwenye kuta za silinda. Wepesi chini ya mzigo mzito unaweza kuleta mlio wa kugongagonga, joto, na mwishowe kutoboa pistoni. Kwenye sailensa wepesi hauna hatari hiyo. Unakera tu, kwa kukohoa kupitia kabureta na kupiga mishindo bombani unapoinua mguu.

Pale skrubu moja inapotawala kweli

Imani niliyoanza kuikosoa ina mahali inapokuwa kweli. Kabureta za SU za Uingereza, zilizofungwa kwenye magari mengi kama Mini na MG, hazina koo la ukubwa mmoja. Zina pistoni inayopanda na kushuka kulingana na hewa, ikibeba sindano iliyochongwa ambayo inaziba jeti moja tu. Mwendo wowote ule, mafuta yote yanapita hapo. Kwenye zile za muundo wa zamani, nati yenye pande sita iliyo chini ya jeti ndiyo inayopandisha na kushusha jeti, na kwa hiyo kuigusa ni kugusa mchanganyiko wote, kuanzia sailensa mpaka mguu sakafuni. Kushusha jeti kunaongeza mafuta, kuipandisha kunapunguza, upande mmoja wa nati kwa wakati.

Kipimo chake ni kizuri. Inua pistoni kidogo, kama milimita 0.8. Mlio ukipanda na kubaki juu, ni mzito. Injini ikitaka kuzima mara moja, ni nyepesi. Ukipanda kidogo tu kisha ukatulia, acha hapo. Zikiwa kabureta mbili, zisawazishe hewa kwanza: weka ncha ya mpira mwembamba sikioni na nyingine mdomoni mwa kila kabureta, mpaka mfoko uwe sawa kote. Na tazama oili iliyo kwenye kikombe cha juu. Ikikauka, gari linasita ukikanyaga, na mtu atahangaika na nati bure.

Urefu wa mahali, na petroli ya leo

Gari lililorekebishwa vizuri usawa wa bahari linakuwa zito likipelekwa milimani, bila mtu kuligusa. Hewa ya juu ni nyepesi, lakini kabureta haipimi uzito wa hewa. Inapima kasi yake. Kwenye mita 1,500, hewa imepungua msongamano kwa karibu asilimia 14, na mafuta hayapungui kwa kiasi hicho hicho, hivyo mchanganyiko unazidi uzito kwa takriban asilimia 7. Geji ya vakyumu nayo itasoma chini, kama inchi moja kwa kila mita 300, na hilo si ugonjwa. Anayeishi juu afunge jeti ndogo kidogo. Anayepita tu avumilie.

Petroli yenye ethanoli hufanya kinyume. Ethanoli inabeba oksijeni yake yenyewe, na petroli iliyochanganywa nayo kwa asilimia 10 inataka uwiano wa karibu 14.1 badala ya 14.7. Kabureta haijui hilo. Inatoa kiasi kilekile, na injini inaishia kuwa nyepesi kwa karibu asilimia 4. Gari lililokuwa limekaa ukingoni mwa wepesi litaanza kukohoa asubuhi. Kwenye jeti kuu ya 120, fidia yake ni namba mbili hivi, yaani karibu 122. Unapofungua kabureta kwa kazi hiyo, tazama na mipira ya zamani na ncha ya sindano ya boya, kwa sababu ethanoli huvimbisha raba ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake, na sindano iliyovimba haiachi kibakuli kijae.